Kutoka Hodi Hodi Hadi Mlango Wazi: Safari ya Mawasiliano ya Papo kwa Papo Katika Python

Leo siwaletei mafunzo ya kuandika programu. Leo tusimuliane historia. Lakini nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niichimbue historia hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilijenga tovuti ya duka moja dogo kwa kutumia Python. Mteja alichagua bidhaa, akabonyeza "Lipa", ombi la malipo likamfikia kwenye simu, naye akaingiza namba yake ya siri. Sekunde chache baadaye seva yangu ilipokea taarifa kwamba pesa zimeingia. Mpaka hapo mambo safi. Ila ukurasa uliokuwa mbele ya mteja haukujua lolote! Uliendelea kuonyesha "Tafadhali subiri" hadi mteja aufungue upya mwenyewe. Wateja wawili walichoka kusubiri, wakabonyeza "Lipa" tena, wakalipa mara mbili. Kosa halikuwa la simu wala la mfumo wa malipo. Lilikuwa langu. Seva yangu ilikuwa na habari njema mkononi na haikuwa na njia ya kuifikisha.

Kwa nini? Seva ina habari, kivinjari kinaingoja habari hiyo hiyo, na mtandao upo kati yao. Kinachozuia ni nini? Nilidhani jibu ni kasi ya mashine. Sivyo. Jibu ni makubaliano ambayo watu waliyafanya zamani, kwa sababu nzuri kabisa, na ikachukua miaka zaidi ya ishirini kuyabadilisha.

Mgeni ndiye apigaye hodi

Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti pale CERN, toleo la kwanza la HTTP la mwaka 1991 lilikuwa rahisi mno. Kivinjari kinaomba hati, seva inatoa hati, laini inakatwa. Basi. Ifikirie kama nyumba ambayo mgeni peke yake ndiye anayeruhusiwa kuanza mazungumzo. Anapiga hodi, anauliza, anajibiwa, anaondoka. Mwenyeji akipata habari dakika moja baadaye, hawezi kutoka nje kumfuata mgeni. Atangoja hodi nyingine.

Kwa kusomeana hati za utafiti, utaratibu huo ulifaa sana. Seva moja iliweza kuhudumia watu wengi kwa sababu hakuna mgeni aliyekaa ndani kutwa. HTTP/1.0 iliandikwa rasmi mwaka 1996, ikafuatwa na HTTP/1.1 iliyoruhusu laini moja ibaki wazi kwa maombi kadhaa. Lakini sheria ya hodi haikuguswa.

Watu walianza kutafuta njia za panya mapema. Mwaka 1995 kivinjari cha Netscape 1.1 kilikuja na njia ya seva kuendelea kutuma sehemu mpya za jibu juu ya zile za zamani. Kamera za mtandaoni ziliifurahia njia hiyo. Kisha mwaka 1999 Microsoft ilitoa Internet Explorer 5 ikiwa na kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya barua pepe za Outlook kwenye wavuti, yaani uwezo wa ukurasa kuuliza seva swali kimyakimya bila kujifungua upya. Wengi hawakukiona kama jambo kubwa mpaka Gmail ilipotoka Aprili 2004, na Google Maps mwezi Februari 2005. Mwezi huo huo Jesse James Garrett akaipa mbinu hiyo jina: Ajax.

Sasa ukurasa ungeweza kupiga hodi wenyewe. "Kuna jipya?" Hakuna. Sekunde mbili baadaye: "Kuna jipya?" Hakuna. Hebu tupige hesabu. Watu 1,000 wakiwa wamefungua ukurasa unaouliza kila baada ya sekunde 2, seva inapokea maombi 500 kila sekunde. Kila ombi likibeba baiti 700 za maelezo ya utangulizi, ni kilobaiti 350 kila sekunde za kuambiwa kwamba hakuna jipya!

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na mzigo wa ziada. Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na dunia yalipitia setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka. Hizo ni kilomita 144,000 hivi, karibu nusu sekunde kwa kasi ya mwanga, hata kama seva ya ng'ambo ingejibu bila kufikiri. Kila hodi iliyoambulia "hakuna" ilikuwa imesafiri umbali huo wote, na kifurushi chetu cha data kililipia nauli.

Suluhisho lililofuata lilikuwa la kijanja. Badala ya mgeni kupiga hodi na kuondoka, akae barazani. Ukurasa unauliza, na seva ikiwa haina habari hainyanyui mdomo mpaka habari ipatikane. Ikijibu, ukurasa unauliza tena mara moja. Gmail ilipoongeza gumzo mwezi Februari 2006, watu wakaona ujumbe unafika bila kusubiri. Mwezi uliofuata Alex Russell akazipa mbinu za aina hii jina la Comet. Na hapo ndipo watu wa Python tulipobanwa.

Makubaliano ya 2003

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Python ilikuwa na fremuweki nyingi za wavuti, na nyingi zilifungamana na seva fulani tu. Ukichagua moja, umejifunga kwa nyingine. Desemba 2003 Phillip J. Eby akaandika pendekezo nambari 333, maarufu kama WSGI, la kuziunganisha. Kiini chake ni mstari mmoja:

def programu(environ, start_response):

Seva inaita programu yako mara moja kwa kila ombi. Unarudisha jibu, umemaliza. Yeyote aliyefuata mstari huo aliweza kutumia seva yoyote. Ulikuwa ukombozi! Django, iliyozaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti moja huko Kansas na kutolewa kwa umma Julai 2005, ilinufaika nao. Flask ya Armin Ronacher, iliyotoka 2010, imejengwa juu yake.

Lakini utazame tena mstari ule. Sheria ya hodi sasa imeandikwa ndani ya Python yenyewe: ombi moja, jibu moja, kwaheri. Hakuna mahali pa kupokea neno la pili kutoka kwa mteja.

Halafu kuna suala la wahudumu. Fikiria hoteli ambayo kila mhudumu hushika meza moja mpaka wateja wake waondoke. Wateja wakila haraka, wahudumu 10 wanatosha mamia ya watu kwa siku. Lakini wakija wateja 10 wa kukaa tu na kungoja rafiki, hoteli imejaa, na jikoni hakuna anayepika. Seva nyingi za WSGI zilifanya kazi hivyo hasa. Mtu mmoja barazani alikuwa na maana ya mhudumu mmoja kafungwa.

Dawa ilijulikana. Mhudumu mmoja azunguke meza zote, asisimame kwenye meza yoyote isipokuwa pale panapohitaji kitu wakati huo. Tayari mwaka 1999 Dan Kegel alikuwa ameandika juu ya changamoto ya seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja. Na Python haikuwa nyuma: maktaba ya Twisted, kazi ya Glyph Lefkowitz na wenzake, ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na chimbuko lake lilikuwa mchezo wa maandishi wa watu wengi. Ila Twisted ilikuwa dunia yake. Ilikulazimu ufikirie upya kila ulichojua, na programu yako ya Django haikuweza kuhamia huko kirahisi.

Tornado nayo ilitoka FriendFeed, kampuni ya akina Bret Taylor na Paul Buchheit, yule aliyeijenga Gmail. Facebook iliinunua FriendFeed Agosti 2009, na mwezi uliofuata Tornado ikaachiwa umma. Wengine wakachagua gevent, ambayo hubadilisha sehemu za ndani za Python ili msimbo wa kawaida uweze kupisha wengine bila wewe kujua. Ilifanya kazi, ingawa kosa likitokea ulikuwa unatafuta sindano kwenye nyasi.

Kwa hiyo msanidi wa Django aliyetaka gumzo kwenye tovuti yake alijikuta akiendesha programu mbili: Django kwa kurasa, na Tornado au nyingine pembeni kwa ujumbe. Mtumiaji aliyeingia huku ilibidi atambulishwe upya kule.

Mlango unafunguliwa

Upande wa vivinjari, mwaka 2008 Michael Carter na Ian Hickson, mhariri wa HTML5, walikuwa wakijadili njia halisi ya pande mbili. Humo likazaliwa jina WebSocket, kwetu tuite websoketi. Wazo lake ni kwamba mgeni anapiga hodi kwa HTTP ya kawaida, lakini anaomba mlango ubaki wazi. Seva ikikubali inajibu kwa namba 101, na kuanzia hapo kila upande unasema wakati wowote unaotaka. Ujumbe mfupi kutoka kwa seva unahitaji baiti 2 tu za utangulizi. Linganisha na zile 700!

Chrome ilitangulia kuiwasha mwishoni mwa 2009. Kisha mwishoni mwa 2010 Firefox na Opera zikaizima. Watafiti walikuwa wameonyesha kwamba baadhi ya seva za kati, zile proksi, zingeweza kudanganywa zihifadhi maudhui ya uongo na kuwapa watumiaji wengine. Dawa ikawa kila ujumbe kutoka kwenye kivinjari uvurugwe kwa ufunguo wa nasibu wa baiti 4, ili mshambuliaji asiweze kuchagua kinachopita kwenye waya. Desemba 2011 itifaki ikachapishwa rasmi kama RFC 6455.

Mlango ulikuwa wazi upande wa kivinjari. Node.js, iliyoanza 2009 na mhudumu wake wa kuzunguka tangu siku ya kwanza, iliingia bila shida. Python ilisimama kizingitini na mkataba wake wa 2003 mkononi. Tulipata viraka vizuri, kama Flask-SocketIO ya Miguel Grinberg mwaka 2014, lakini mstari ule wa WSGI haukuwa na nafasi ya mazungumzo.

Mabadiliko yakaanzia ndani kabisa. Guido van Rossum mwenyewe alipendekeza mhudumu wa kuzunguka awe sehemu ya Python, na Machi 2014 asyncio ikaingia kwenye Python 3.4. Septemba 2015 Python 3.5 ikaleta maneno async na await, yaliyowezesha kuandika msimbo wa kusubiri kana kwamba ni wa kawaida. Wakati huo huo Andrew Godwin alikuwa akijenga Django Channels, na Desemba 2015 Mozilla ikaipa Django msaada wa dola 150,000 uliolenga kazi hiyo. Channels 1.0 ilitoka 2017. Mwaka 2018 toleo la 2 liliandikwa upya juu ya asyncio. Ndani ya kazi hiyo ukapatikana mkataba mpya, ASGI:

async def programu(scope, receive, send):

Ulinganishe na ule wa kwanza. Badala ya kurudisha jibu na kwisha, sasa una receive ya kusikiliza na send ya kusema, na unaweza kuzitumia mara nyingi upendavyo. Historia yote niliyosimulia hapo juu imo katika tofauti ya mistari hiyo miwili. Django yenyewe iliukubali mkataba huu katika toleo la 3.0, Desemba 2019, ingawa kwa websoketi bado unahitaji Channels. Starlette na FastAPI, zote za 2018, zilijengwa juu yake tangu mwanzo.

Na lile duka?

Nililiwekea websoketi. Malipo yakiingia, ukurasa unabadilika papo hapo. Lakini niseme ukweli: kilichozuia watu kulipa mara mbili si websoketi. Mteja anaweza kuingia kwenye lifti, simu ikatoka Wi-Fi ikahamia mtandao wa simu, laini ikakatika na ujumbe ukapotea njiani. Nililazimika kuhakikisha seva inakataa malipo ya pili kwa oda ile ile, na ukurasa ukiunganishwa upya, jambo lake la kwanza ni kuuliza: "Oda yangu imefikia wapi?"

Ndiyo, hodi ile ile ya 1991. Mlango wazi unaleta habari upesi, lakini kumbukumbu ya kweli inakaa kwenye hifadhidata, na ukurasa uliopotea njia lazima uweze kurudi kuuliza. Kwa hiyo ukitaka kuongeza mawasiliano haya kwenye programu yako ya Python, anza kwa kujiuliza nini kitatokea ujumbe mmoja usipofika. Ukiwa na jibu, kubadilisha mkataba kutoka WSGI kwenda ASGI ni kazi ya jioni chache tu.