Nyawera: toka resho ya umeme mpaka mbabula ya udongo

Mto Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu palepale Bukavu, na maji yake ndiyo yaliyoleta umeme mjini. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji wakingali wanatawala. Nguvu yake haifiki megawati 30. Kwa mji mdogo wa wakati ule ilitosha, tena umeme uliingia kwanza katika nyumba za Wazungu upande wa Ibanda, ambako Nyawera iko. Huko resho ya umeme na tangi la kupasha maji ya kuoga vilikuwa vitu vya nyumba. Kadutu na Bagira, walikokaa wafanyakazi wao, maharagi yaliiva juu ya makala na kuni.

Mwaka 1970 SNEL ikaundwa. Mwaka 1989 ikaja Ruzizi II, ya SINELAC, kampuni ya Zaire, Rwanda na Burundi: karibu megawati 44, lakini za kugawana nchi tatu. Kisha mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakaingia Kivu kwa mamia ya maelfu, na toka 1996 vita vikafukuza watu vijijini. Nyumba iliyokuwa ya jamaa moja ikabeba jamaa tatu, kwa nyaya zilezile. Delestaji ikawa desturi. Hata mama wa Nyawera aliyelelewa na resho akajifunza kuwasha mbabula.

Makala hayo yanatoka mbali, mengine ndani ya Pori la Kahuzi-Biega, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO katika orodha ya hatari mwaka 1997. Tanuru la udongo linakula kilo 5 mpaka 10 za mti ili kutoa kilo moja ya makala. Si haki kumlaumu mwenye kupika. Hakuchagua yeye kukosa umeme.

Kinachoweza kuchaguliwa ni mbabula. Ile ya bati tupu ni ya bei nafuu, lakini moto wake unapasha hewa ya pembeni kuliko sufuria. Mapema katika miaka ya 1980, mafundi wa Kenya walichukua wazo kutoka Thailand, wakaweka udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Udongo unashika joto, mlango mdogo chini unapima hewa. Mbabula hiyo ikitengenezwa vizuri inapunguza makala kwa theluthi moja hivi, na hata zaidi. Jamaa inayomaliza mfuko kwa siku 14 itafika siku 21. Rwanda nako rondereza ilifanya kazi kama hiyo kwa wanaopikia kuni, na jina lenyewe linasema kupunguza matumizi.

Anayenunua sokoni aangalie udongo kabla ya rangi. Ukiwa na ufa leo, kesho utaanguka vipande. Mlango wa hewa lazima ufunge, na sufuria ya nyumbani ikae karibu na makala, isining'inie juu.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Mbabula ya udongo ni nzito na inavunjika njiani. Waliokimbia na mizigo kichwani, Februari 2025 au kabla, wanajua kwa nini jamaa nyingi zilibeba ile ya bati. Kwa aliyepewa chumba kwa ndugu na hajui atakaa muda gani, bati inaweza kuwa ndiyo hesabu nzuri, hasa ikiwekwa mahali pasipo upepo na sufuria ikifunikwa.

Bati au udongo, hatari ya usiku ni moja. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, hata moshi ukiwa umekwisha. Wakati wa mvua, watu sita wakilala chumba kimoja, mbabula huingizwa ndani ili watoto wapate joto, na mlango unafungwa. Ikae nje kabla watu hawajalala, hata kama makala yanaonekana kuwa majivu.