Mifumo Miwili Katika Kompyuta Moja: Weka Linux Bila Kuipoteza Windows

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo, hapa Machakos ninakotengeneza kompyuta, swali ninaloletewa ni moja. Wengi wanaoniuliza ni wanafunzi, wakiwemo vijana wetu kutoka Mombasa, Kilifi na Lamu: kipakatalishi changu cha mtumba kinaikataa Windows 11, nifanyeje?

Jawabu langu kwa wengi ni kuweka Linux kando ya Windows, zote zikae. Linux ni ya bure, hupata marekebisho ya usalama, na aina zake nyepesi hazielemei mashine ya zamani. Lakini AutoCAD na Microsoft Office ya kusakinisha hazina toleo la Linux, kwa hivyo mwenye kuzihitaji asiiondoe Windows. Aiwashe kwa kazi hizo tu, na mambo ya intaneti ayafanyie upande wa Linux.

Kompyuta ya namna hiyo ni kama nyumba yenye wapangaji wawili. Diski ndiyo nyumba. Windows imeikalia yote. Kazi ni kuisogeza, kujenga kiambaza, kisha Linux iingie upande wa pili. Mlangoni hukaa bawabu, programu iitwayo GRUB, ambayo kila ukiwasha kompyuta hukuuliza waingia kwa nani.

Kabla ya kugusa chochote

Kwanza, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje, kisha fungua chache uhakikishe zinasomeka. Nakala iliyo ndani ya kompyuta ileile si nakala.

Pili, tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni huja nayo bila mwenyewe kujua. Ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48 na mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti yako ya Microsoft. Uandike karatasini, kisha izime BitLocker na usubiri imalize kuifungua diski. Usipokuwa na ufunguo, badiliko dogo la uwashaji laweza kukufungia nje ya faili zako.

Tatu, zima uwashaji wa haraka wa Windows, unaoitwa "Fast Startup". Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kabisa, hulala tu. Linux ikiandika kwenye sehemu ya diski ambayo Windows imeiacha hivyo, faili zaweza kuharibika.

Nne, jaza betri na uache chaja kwenye umeme. Stima ikikatika diski ikiwa inagawanywa, ni hasara.

Kazi yenyewe

Tumia chombo cha Windows chenyewe, "Disk Management", na uchague "Shrink Volume" kupunguza nafasi ya Windows. Ubuntu yataka GB 25 kwa uchache. Mimi huacha 50 nafasi ikiruhusu. Nafasi uliyoipata iache tupu.

Pakua Linux kutoka tovuti yake rasmi. Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, kwa hivyo pima bando lako. Linux Mint yenye sura ya Xfce ni karibu nusu ya hapo, na huifaa zaidi mashine yenye memori ya GB 4. Iandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu kama Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe ile yenye picha za harusi.

Washa kompyuta kwa flashi hiyo na uijaribu Linux kabla ya kuisakinisha. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kama la, hujapoteza kitu: zima, chomoa, na Windows yako iko palepale.

Ukiridhika, anza kusakinisha. Hapa ndipo penye hatari. Utaulizwa Linux iwekwe wapi, na majibu mawili hukaa karibu karibu. Lenye neno "alongside" ndilo la kuiweka kando ya Windows. Lenye "Erase disk" hufuta diski nzima. Nimeletewa kipakatalishi cha binti wa mwaka wa nne ambacho fundi mmoja mjini alikibonyezea hilo la pili. Mradi wake wa kuhitimu ulikuwamo humo, na nakala pekee aliyokuwa nayo ilikuwa sura ya kwanza kwenye barua pepe. Sikuweza kumrudishia kilichobaki. Kama neno "alongside" halionekani, usibahatishe. Toka, urudi Windows, uangalie tena BitLocker na ile nafasi tupu.

Baada ya kumaliza

Usishangae saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa tatu. Linux huihesabu saa ya ndani ya mashine kwa wakati wa dunia, Windows kwa wakati wa hapa, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Adhuhuri imeshaadhiniwa, nayo yakwambia ni saa nne asubuhi. Fungua kidirisha cha amri cha Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, nayo itatulia.

Na bawabu akitoweka baada ya Windows kujisasisha, Linux haijafutika. Ingia mipangilio ya uwashaji, kwa mashine nyingi ni F2, F12 au Esc, uirudishe Linux juu ya orodha.

Wazazi mlioko nyumbani, mtoto akiomba pesa za fundi wa kompyuta, mwongezeeni za diski ya nje. Windows huwekwa upya kwa saa chache. Mradi wa mwaka mzima hauwekwi upya na fundi yeyote.