Somo la Hesabu ya Biashara

Leo tutazame hesabu ya biashara, na mfano wetu ni Kenya.

Zamani, ukiuliza mjini pana biashara ngapi, karani alifungua daftari la leseni. Fundi wa masanduku ya bati pale Kamukunji, Nairobi, hakuwamo. Kwa karani hakuwa na biashara. Kwa askari wa jiji alikuwa mkosaji. (Ajabu, maana nyundo zake zilisikika mbali!)

Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa kwamba mafundi kama hao wanazalisha mali, nao wanasumbuliwa bure. Ilipita miaka 13 kabla Rais Moi hajafika Kamukunji, mwaka 1985, na kuwaahidi mabanda ya kuwakinga na jua kali.

Sasa sikiliza hesabu ya mwaka 2016. Ofisi ya Takwimu haikutosheka na daftari. Makarani walibisha hodi pia katika nyumba zilizochaguliwa. Wakakadiria biashara ndogo na za kati kuwa milioni 7.4, na zenye leseni milioni 1.56 tu. Waliuliza hata juu ya zilizokufa: milioni 2.2 katika miaka 5.

Piga hesabu mwenyewe. Kaunti ikijenga soko kwa kufuata leseni, katika kila wafanyabiashara 5, karibu 4 watabaki nje mvuani.

Kabla ya somo lijalo, zunguka mtaani kwako ukahesabu, usimsahau mama anayekaanga maandazi uani.