Hongo wa Tamthilia na Hongo wa Bonde la Kilombero

Mhakiki wetu akikutana na mizimu katika kazi ya fasihi, mara nyingi huwa na majibu mawili tayari mfukoni. La kwanza: huu ni ushirikina. La pili: mwandishi ametumia imani kama chombo cha kuwaunganisha wanyonge. Makala haya yanayatilia shaka yote mawili kwa kuisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) tukiwa tumesimama Ifakara, mahali ambapo dawa ile ilifika na watu wakaifia.

Tuanze na historia. Mto Kilombero unapoungana na Luwegu ndipo Rufiji inapozaliwa. Huko chini, Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza utabiri wake mwaka 1904. Husimuliwa kwamba alizama kidimbwini, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Dawa yake ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Wajerumani wakamnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikuwa imeshaondoka. Mwezi huohuo kituo chao cha Ifakara kilishambuliwa, na tarehe 30 Wapogoro na Wambunga wakaliendea boma la Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwafyeka. Baadaye ikaja njaa, na hiyo haikuchagua nani alikunywa maji na nani hakunywa.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi tunalipita. Katika tamthilia, Hongo ni roho inayompanda mtu mmoja. Katika nchi ya Mahenge, hongo walikuwa watu: wajumbe walioileta dawa kwa miguu yao, kijiji hadi kijiji. Siri ilikuwa na sura, na mtu aliweza kuiuliza maswali. Hussein ameichukua siri hiyo akaifungia kifuani mwa Kinjeketile. Je, amekosea? Hapana. Mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa. Faida aliyoipata si ndogo: shaka. Watu wana haraka ya vita, naye anawaomba wangoje, huku akijiuliza neno alilolitamka lilikuwa la nani. Mwishoni anakataa kuyakana maji hata kwa kuokoa roho yake, maana kukana kwake kungerithiwa na watoto.

Tumlinganishe na wenzake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa analifumbua fumbo kwa akili, na mzimu unabaki jina tu. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Kezilahabi hafumbui kitu. Siri imekuwa fani yenyewe, na msomaji anapapasa gizani. Hussein yuko katikati. Haifumbui siri, wala haiachi ikae kimya.

Lakini ipo hasara. Uzito wa shaka ukibebwa na nabii peke yake, umma unabaki kundi la kuamini tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hii. Kwa nini waliulizwa wazee wengi, si mmoja? Kwa sababu kila mtu aliyenyunyiziwa maji alikuwa na hesabu yake: kodi, pamba ya kulazimishwa, viboko. Alipima, akaamua. Mtu anayeamua hivyo si mjinga, na wala hakuwa chombo cha mtu.

Kwa hiyo, tunapohakiki mizimu katika fasihi yetu, tusikimbilie kuuliza kama ni ya kweli au ya uongo, wala inamtumikia nani. Tuulize kwanza: waliokubali walikuwa wanajua nini, na walikuwa tayari kulipa nini? Bonde la Kilombero lililipa. Mhakiki akiwaita watu hao washirikina, halafu akapata alama nzuri za mtihani, basi ujue uhakiki wetu bado una deni.