Vitufe, Kioo na Usukani: Historia Fupi ya Skrini za Kugusa Ndani ya Magari

Mjomba wangu ni dereva wa zaidi ya miaka 30. Kiswahili chake alikipata barabarani, enzi akiendesha malori kati ya Mombasa na Kampala, na mimi nilikipata kwake kabla ya kukisomea chuoni. Siku hizi anaendesha teksi. Desemba iliyopita nilisafiri naye usiku kwenda Mbarara katika gari lake la zamani lililotoka Japani. Tulipokaribia Lukaya mvua kubwa ilitukuta na kioo cha mbele kikaingia ukungu. Mjomba hakukatiza mazungumzo wala hakuangalia chini. Mkono wake ulikwenda kwenye dashibodi, ukabonyeza kitufe kimoja, ukazungusha kingine, na muda si mrefu kioo kikawa safi.

Miezi miwili baadaye tajiri mmoja alimpa gari jipya zaidi alifikishe Mbarara, nami nikamsindikiza tena. Katika gari hilo karibu kila kitu kilikuwa ndani ya skrini kubwa katikati ya dashibodi. Ukungu ulipotokea, mjomba akaanza kutafuta kwa kidole, picha baada ya picha. "Mwanangu, hebu nisomee hiki kioo kinasema nini," aliniambia. Nilikuwa bado nasoma tulipoiona mbele yetu bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Mjomba alikanyaga breki kwa nguvu zote, tukaikosa kwa hatua chache. Aliegesha gari kando, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Gari hili linataka nilisome. Sasa mimi nikisoma, barabara anaiangalia nani?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike insha hii. Wenzangu wengi chuoni huona kwamba skrini ni maendeleo na vitufe ni mambo ya kale, na kwamba anayelalamika ni mzee asiyetaka kujifunza. Nami nilikuwa na mawazo hayo. Lakini nilipoifuatilia historia yenyewe niliona mambo mengine. Hoja yangu ni kwamba skrini ya kugusa haikuenea kwa sababu ilimsaidia dereva. Ilienea kwa sababu ilimfaa mtengenezaji na muuzaji. Vitufe navyo vimeanza kurudi baada ya watu kukaa chini na kuhesabu sekunde, na mara nyingine kuhesabu maiti.

Tuanze na jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: mpangilio wa vyombo vya kuendeshea. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kati ya 1908 na 1927 na kuuzwa zaidi ya milioni 15, lilikuwa na pedali tatu, lakini si hizi tunazozijua. Ya kushoto ilibadilisha gia, ya katikati ilirudisha gari nyuma, na ya kulia ilikuwa breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilichokuwa chini ya usukani. Dereva wa leo akiingizwa humo na kukanyaga pedali ya kulia ili aende mbio, atasimama. Mpangilio wa klachi kushoto, breki katikati na mafuta kulia ulionekana katika Cadillac ya 1916, kisha ukasambaa Ulaya kupitia Austin 7 iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1922. Kukubaliana huko kulichukua miaka, na faida yake ni kubwa: aliyejifunzia gari moja anaweza kuendesha mengine bila kufundishwa upya, kwa kuwa miguu na mikono yake imekwisha kujua.

Waliovunja makubaliano hayo walijuta mapema. Kampuni ya Ford ilitoa gari la Edsel la modeli ya mwaka 1958, ambalo kwa baadhi ya wanunuzi liliwekewa vitufe vya gia katikati ya usukani, mahali ambapo madereva walizoea kukuta honi. Mtu aliyetaka kupiga honi aliweza kujikuta anabonyeza gia. Mtambo wenyewe pia ulisumbua, na mwaka uliofuata uliondolewa. Mfano huu ni muhimu kwa sababu unaonyesha kwamba kitufe hakina utakatifu wowote. Kitufe kikiwekwa mahali pabaya nacho ni hatari. Jambo la kuuliza ni kama mkono unaweza kukipata bila msaada wa jicho.

Wengi hudhani skrini ya kugusa iliingia katika magari baada ya simu za kisasa. Sivyo. Buick Riviera ya mwaka 1986, iliyotengenezwa na General Motors, ilikuwa na skrini ya kugusa ya inchi 9 yenye kioo cha aina ya televisheni za wakati huo. Redio, kiyoyozi na taarifa za safari vyote viliendeshwa kupitia humo. Ilivutia sana kwenye maonyesho, lakini wamiliki walilalamika kwamba jambo dogo kama kubadilisha joto la gari lilidai macho yatoke barabarani. Mauzo ya Riviera yalishuka vibaya mwaka huo. Siwezi kuilaumu skrini peke yake, kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa limepunguzwa ukubwa na wateja wengi hawakulipenda umbo lake jipya. Hata hivyo, ukweli ni kwamba ilipofika Riviera ya mwaka 1990 skrini haikuwamo tena. Vitufe vilikuwa vimerudi.

Kwa hiyo jaribio lilishafanyika, na jibu lilishapatikana, zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kwa nini basi skrini zilirudi kwa wingi namna hii?

Sababu ya kwanza ni simu. iPhone ilipotoka mwaka 2007, watu walizoea kugusa kioo, na dashibodi yenye vitufe vingi ikaanza kuonekana ya kizamani. Mwaka 2012 Tesla ikatoa Model S yenye skrini ya inchi 17, kubwa kuliko ya kompyuta nyingi za mkononi, na watengenezaji wengine wakaogopa kuachwa nyuma. Sababu ya pili ni gharama. Kila kitufe kinahitaji umbo lake, waya wake, majaribio yake na mtu wa kukifunga kiwandani. Skrini ni kifaa kimoja, na kazi mpya huongezwa kwa programu tu. Sababu ya tatu ilinishangaza: sheria ya usalama. Nchini Marekani, baada ya mtoto wa miaka 2 kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma, ilipitishwa sheria yenye jina lake, ikatiwa saini mwaka 2008. Kuanzia Mei 2018 magari yote madogo mapya nchini humo yalitakiwa kuwa na namna ya kumwonyesha dereva kilichopo nyuma, yaani kamera, na kamera inahitaji skrini. Skrini ikishakuwamo, mhasibu anauliza: kwa nini tulipie na vitufe?

Katika sababu hizo tatu, ni ya tatu tu inayohusu usalama, nayo inahusu kurudi nyuma taratibu, si kukimbia kilomita 100 kwa saa usiku.

Hasara ilianza kuonekana mahali ambapo watu wa magari hawakutazamia: baharini. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain ilikuwa ikikaribia Singapore, katika njia yenye meli nyingi. Usukani na kasi vilidhibitiwa kwa skrini za kugusa. Nahodha aliona baharia wa usukani anazidiwa na kazi, akaamuru kasi ishughulikiwe na mwenzake. Katika kuhamisha, usukani nao ulihamia kituo kingine bila wao kujua, na baharia akaamini kwamba usukani umekufa. Walipopunguza kasi, ilipungua ya rafadha moja tu, na manowari ikageukia kushoto mbele ya meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 walikufa. Wachunguzi walitaja pia uchovu na upungufu wa mafunzo, lakini muundo wa mitambo ile nao ulitajwa. Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani lilitangaza kwamba litarudisha vishikio vya mkono vya kudhibiti kasi katika manowari za aina hiyo. Hao hawakuwa wazee wanaoogopa teknolojia.

Barabarani nako kesi zilifika mahakamani. Machi 2019 nchini Ujerumani, dereva wa Tesla aliyekuwa akiendesha kwenye mvua aliangalia skrini ili abadilishe kasi ya waipa, akatoka barabarani. Alitozwa faini ya euro 200 na kunyimwa ruhusa ya kuendesha kwa mwezi mmoja. Alikata rufaa, na mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo huko Karlsruhe ikasema kwamba skrini ya gari ni kifaa cha elektroniki kama simu, hata ikiwa imefungwa na mtengenezaji mwenyewe. Nilipoisoma hukumu hiyo nilimkumbuka mjomba. Dereva yule hakuwa akiandika ujumbe wala kutazama video. Alitaka kufuta mvua kwenye kioo aone njia, na gari halikumpa namna nyingine ya kurekebisha waipa.

Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jambo rahisi ambalo lingefaa kufanywa mapema. Lilichukua magari mapya 11 na Volvo V70 moja ya mwaka 2005, likawapa madereva muda wa kuyazoea, kisha likawataka wafanye kazi chache za kawaida, kama kuwasha kipasha joto cha kiti, kuondoa ukungu na kutafuta stesheni ya redio, gari likienda kilomita 110 kwa saa. Volvo ya zamani, yenye vitufe, ilimaliza kazi zote kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Gari lililoshika mkia, MG Marvel R, lilitumia karibu sekunde 45. Kwa mwendo ule hizo ni zaidi ya kilomita 1.3 ambazo akili ya dereva haiko yote barabarani.

Baada ya hapo upepo ulianza kugeuka. Shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari barani Ulaya, lilitangaza kwamba kuanzia 2026 gari linalotaka alama kamili lazima liwe na vidhibiti halisi vya indiketa, taa za tahadhari, honi, waipa na wito wa dharura. Volkswagen, iliyokuwa imejaza sehemu za kugusa katika Golf ya nane na ID.3, ilikiri kosa, na mwaka 2025 mkuu wake wa usanifu alieleza kwamba vitufe vya kazi muhimu, kama sauti, joto, feni na taa za tahadhari, vitarudi katika magari yake yajayo.

Sisemi kwamba skrini haina faida. Ramani inasomeka vizuri zaidi humo, na kamera ya nyuma inaokoa watoto. Kinachotakiwa ni kutenganisha mambo ya kufanya gari likiwa limesimama na yale ya kufanya likiwa linakwenda. Ya kwanza yakae kwenye skrini. Ya pili yaachiwe mkono.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa huku, na ndilo linalonitia wasiwasi. Magari mengi ya Uganda hununuliwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Tumekwisha kuonja maana ya kupokea skrini iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine: maandishi ya Kijapani ambayo dereva hawezi kuyasoma, na redio inayoishia 90 FM wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Betri ikitolewa, skrini hudai kadi au namba ya siri. Hadi sasa tumevumilia kwa sababu taa, waipa na feni vilibaki kwenye vitufe. Kitufe kikifa, fundi wa soko la Kisekka atatafuta kingine kutoka gari bovu. Skrini ikifa, na kiyoyozi kiko humo, unabaki na nini?

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 15. Maana yake ni kwamba yale yenye vitufe yatazidi kuwa machache, na yale ya zama za skrini ndiyo yatakayojaa katika barabara zetu miaka kumi ijayo, wakati Ulaya itakuwa imekwisha kurudi kwenye vitufe. Kosa ambalo wenzetu wamelisahihisha litatufikia sisi kama bidhaa ya mtumba. Wanaotunga sheria zetu wanauliza umri wa gari. Wangefaa kuuliza pia kama dereva anaweza kuwasha waipa na kuondoa ukungu bila kuangalia chini.

Mjomba alilifikisha gari la tajiri salama. Alipokabidhi ufunguo aliulizwa kama amelipenda. Alijibu kwa adabu kwamba ni zuri sana. Tuliporudi Kampala kwa basi alikaa kiti cha mbele, akamtazama dereva akiwasha waipa kwa kidole kimoja huku macho yake yako mbele, kisha akasinzia.