Wimbledon ya 1907: Mwaka Ubingwa Ulipotoka Uingereza

Ndugu zangu wa Pwani, nawaandikia kutoka Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Mkipanda Nairobi mwapita Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Zanzibar, lakini wachache hukata kona kuja huku kwetu. Leo nataka kuwaeleza mashindano ya nyasi kutoka mahali ambapo nyasi yenyewe ni shida.

Wimbledon yalianza 1877, pembezoni mwa London. Mpaka 1921 yalichezwa Worple Road, kando ya reli, ndipo yakahamia Church Road mwaka 1922. Hapakuwa na zawadi ya pesa. Hiyo ilikuja 1968. Mpira ulikuwa mweupe, nao wa manjano ulianza kutumika huko 1986.

Utaratibu wa zamani ungewashangaza wapenzi wa kombe la mtaa. Bingwa mtetezi hakucheza raundi za awali. Wengine walichujana, na aliyebaki ndiye aliyekutana naye, mmoja akiwa amechoka na mwingine ametulia. Utaratibu huo ulifutwa 1922.

Kwa upande wa wanaume, tangu 1877 hadi 1906 mabingwa wote walitoka Uingereza na Ireland. Laurence Doherty peke yake alishinda mara tano mfululizo, 1902 hadi 1906. Mwaka 1907 hakuja kutetea taji lake. Norman Brookes wa Australia, mchezaji mashoto, akamshinda Arthur Gore 6-4, 6-2, 6-2, akawa mwanamume wa kwanza kutoka ng'ambo kutwaa ubingwa huo. Kwa wanawake, May Sutton, aliyezaliwa Uingereza na kukulia California, alimshinda bingwa mtetezi Dorothea Lambert Chambers 6-1, 6-4. Sutton alikuwa amekwisha kufungua njia 1905, akiwa na miaka 18. Wanaume wawiliwawili nako, Brookes na Anthony Wilding wa New Zealand wakashinda. Mwaka huohuo wawili hao wakachukua pia Kombe la Davis. Wilding alikuja kuwa bingwa mara nne, 1910 hadi 1913, kisha akauawa vitani Ufaransa mwaka 1915.

Kwa nini nyasi? Juu ya nyasi mpira huteleza, hauruki sana, na humfikia mtu upesi. Brookes alianzisha mpira kisha akaukimbilia wavu, akimaliza kazi kabla mwenzake hajajipanga. Kwenye udongo mpira hupungua kasi na kuruka juu, basi mchezaji hulazimika kuwa na subira na pumzi.

Kiwanja chenyewe kina urefu wa mita 23.77, na upana wa mita 8.23 kwa wachezaji wawili. Nyasi yake yataka maji, kukatwa na kushindiliwa kila mara. Huku Wote maji ni ya watu, mifugo na miembe kwanza, na sioni aibu kusema hivyo. Udongo mwekundu tunao tele.

Enzi za ukoloni michezo hii ilifungiwa ndani ya vilabu. Klabu ya Michezo ya Mombasa ilianzishwa 1896, na katika vilabu kama hivyo Mwafrika aliingia kama mfanyakazi. Ndiyo maana ushindi wa Angella Okutoyi una uzito. Mwaka 2022 msichana huyu wa Nairobi alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawiliwawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano makuu manne ya tenisi.

Brookes na Sutton walikuja na mchezo waliojifunzia kwao, na Okutoyi vilevile. Kaunti zetu, za bara na za Pwani, zisingoje nyasi. Zisawazishe udongo, zifunge wavu, na ziache mlango wazi kwa watoto wa shule za umma.