Ross Macdonald na Siri za Familia

Riwaya ya upelelezi mara nyingi huhesabiwa kuwa burudani tu. Kenneth Millar, aliyeandika kwa jina la Ross Macdonald, anapinga hukumu hiyo. Alizaliwa California, Marekani, mwaka 1915. Baba yake akaitelekeza familia, naye akakulia Kanada mikononi mwa jamaa. Jeraha hilo linaonekana katika The Galton Case ya mwaka 1959. Mpelelezi Lew Archer anamtafuta mwana wa bibi tajiri, aliyetoweka zaidi ya miaka 20. Anakuta mifupa isiyo na kichwa, kisha kijana anayedai kuwa mjukuu. Swali la nani aliua linageuka: huyu ni mtoto wa nani? Kwa Macdonald, wazazi huficha ukweli, na watoto hulipa deni.